Mwaka wangu wa kwanza na mhopi

Shemeji alinikabidhi mfuko wa plastiki uliokunjwa mara mbili. Ndani yake mlikuwa na gazeti lililoloa, na ndani ya gazeti vipande viwili vya kitu nilichodhani ni tangawizi kavu.

"Usiviache vikauke," akaniambia. "Na usivizamishe kwenye maji."

Vilikuwa vipande vya shina la chini ya ardhi la mhopi, mmea wa kutambaa ambao koni zake, yaani maua yake ya vigamba, hutiwa kwenye bia. Kila kimoja kilikuwa na urefu wa kiganja changu na unene wa kidole cha shahada, na ubavuni kulikuwa na macho meupe yaliyokuwa tayari yanachomoza. Kimoja kilikuwa cha aina iitwayo Cascade, kingine cha aina ya Fuggle. Shemeji hupika bia nyumbani kwake, lakini uwanja wake umefunikwa na kivuli cha miti. Wangu una upande mmoja unaopigwa jua tangu asubuhi hadi alasiri.

Mimi si mnywaji. Nilikubali kwa sababu ya harufu tu. Miezi kadhaa kabla ya hapo, jikoni kwake, alinipa koni moja kavu ya hopi na kuniambia niipasue. Nikaipasua kwa ukucha. Kwenye vitako vya vile vigamba vyembamba kama karatasi mlikuwa na unga wa manjano iliyokolea, unaonata, na nilipousugua kati ya vidole ukatoa harufu ya maganda ya ndimu, utomvu wa msonobari na majani yaliyofyekwa, vyote kwa pamoja. Nilinawa mikono mara mbili siku hiyo na usiku bado niliisikia. Nilitaka kuuona mmea unaotengeneza kitu kama hicho.

Unga ule huitwa lupulini, na bia inautegemea. Una mafuta yanayotoa harufu, na una asidi za alfa ambazo zikichemshwa hubadilika umbo na kuleta ule uchungu. Uchungu huo pia huzuia baadhi ya bakteria wanaochachusha kinywaji vibaya. Mtawa Hildegard wa Bingen aliandika katika karne ya 12 kwamba uchungu wa hopi huzuia vinywaji visiharibike, na huko Hallertau, Ujerumani, kumbukumbu za bustani za hopi zinarudi hadi mwaka 736. Shemeji anazijua habari hizi kama wengine wanavyojua matokeo ya mpira.

Nilipanda mwanzoni mwa majira ya kuchipua, baridi kali ilipokwisha. Cascade niliipa mahali pazuri zaidi. Nilichimba shimo la kina cha sepeto, nikachanganya udongo na mboji na samadi iliyooza vizuri, kisha nikauinua kama tuta ili maji yasituame. Mhopi hupenda udongo usio na asidi nyingi, pH ya 6 hadi 7, na unaopitisha maji. Kipande nilikilaza, macho yakitazama juu, nikakifunika kwa udongo wa sentimeta 5 hivi.

Fuggle niliitia kwenye ndoo kubwa. Nilitaka iwe karibu na mlango niione kila ninapotoka. Nilitoboa matundu manne chini kwa msumari wa moto nikaona yanatosha, kisha nikamwagilia kila jioni, kwa kuwa nilikuwa nimesoma kwamba mhopi hunywa maji mengi. Unakunywa kweli, lakini ukiwa mkubwa, una majani, na jua linawaka. Kipande kisicho na jani hata moja hakina pa kuyapeleka maji hayo. Wiki tatu zikapita. Cascade ilikuwa imeshatoa vichipukizi vitatu vya rangi ya zambarau na kwenye ndoo hamna kitu. Nikachimbua kwa vidole. Udongo ulikuwa mzito kama uji na ulinuka kama mtaro. Nusu ya kipande ilikuwa laini, ngozi yake ikavuka nilipoigusa.

Niliumia. Nilikuwa nimeonywa kwa sentensi moja fupi nikafanya kinyume chake kwa kudhani ni upendo. Nikachukua kisu, nikakisafisha kwa spiriti, nikakata sehemu yote iliyooza hadi nikafika kwenye nyama nyeupe. Kilibaki kipande cha urefu wa kidole gumba, chenye macho mawili. Nikakiacha kivulini nusu siku jeraha likauke, nikatoboa matundu mengine kumi na mawili kwenye ndoo, nikaweka kokoto chini na udongo mpya uliochanganywa na mchanga, nikakirudisha. Kisha nikajizuia nisikiguse.

Cascade ndiyo iliyonifundisha mengine yote.

Mhopi hauna vikonyo vya kujishikia kama mzabibu. Huzungusha shina lake lote kwenye kamba, na shina hilo lina vinyweleo vigumu vilivyopinda kama ndoano. Pitisha kidole juu yake utavisikia vinakwaruza. Siku za mwanzo nilikuwa nikiushika mikono mitupu na jioni mikononi mwangu mlikuwa na michirizi myekundu inayowasha. Sasa navaa shati la mikono mirefu kila ninapokwenda kuufunga, hata kukiwa na joto.

Nilisimamisha nguzo ya mbao ya mita 5, na juu yake nikafunga kapi dogo ili kamba iweze kushushwa siku ya mavuno. Ushauri wa kapi ulitoka kwa shemeji na ni ushauri bora kuliko wote niliopewa, kwa sababu hakuna anayependa kuchuma akiwa juu ya ngazi. Kamba nilitumia ya makumbi ya nazi, ileile inayotumiwa kwenye mashamba makubwa ya hopi. Ina manyoya manyoya, mmea unaishika vizuri, na msimu ukiisha yote inaingia kwenye mboji pamoja na mashina. Kwenye kamba ya nailoni mmea huteleza chini kwa uzito wake.

Vichipukizi vilipofika urefu wa goti nilichagua viwili vilivyo imara nikavizungusha kwenye kamba. Nilivizungusha kushoto, bila kufikiri. Asubuhi nikavikuta vimejinasua vyote, vimelala juu ya matandazo. Nikavirudisha, vikajinasua tena. Nikakaa chini nikavitazama vizuri, ndipo nikaona kwamba ncha zote zinaelekea upande mmoja. Ukiutazama kutoka juu, mhopi huzunguka kama mishale ya saa. Haijalishi uko kaskazini au kusini mwa Ikweta, jua halihusiki, ni tabia ya mmea wenyewe. Maharage ya kutambaa huzunguka kinyume chake. Nilikuwa nimepanda maharage miaka yote na mkono wangu ulikuwa umezoea upande wa maharage.

Nikavizungusha upya, safari hii kulia. Havikuniacha tena.

Kuanzia hapo ilikuwa kazi ya kila jioni. Ncha ya mhopi isiyo na cha kushika huwa inazunguka hewani, polepole, ikitafuta. Charles Darwin aliwahi kuwa mgonjwa chumbani na mhopi kwenye chungu kando yake, akaupima: wakati wa joto na mchana, ncha ilimaliza mzunguko mmoja kwa wastani wa saa 2 na dakika 8. Nilipolijua hilo nami nikapeleka kiti bustanini. Nilichomeka kijiti mahali ncha ilipokuwa ikielekea, nikaandika saa, nikaanza kumenya mboga za usiku. Nilipomaliza, ncha ilikuwa imeelekea ukutani. Nilipoingia ndani kupika na kutoka tena, ilikuwa inakaribia kijiti kutoka upande wa pili. Huwezi kuiona ikienda. Unaona tu kwamba haiko pale ulipoiacha.

Na inakimbia. Katika wiki ya joto kuliko zote niliifungia uzi mwekundu kwenye kamba usawa wa ncha saa moja jioni, na saa moja jioni ya kesho yake nikapima kwa utepe: sentimeta 18. Mihopi iliyokomaa huweza kupita hapo, hadi sentimeta 30 kwa siku moja katika siku zake bora. Mashina haya yote hufa majira ya baridi na mmea huanza tena sifuri mwaka unaofuata. Mita zote tano, na zaidi, hujengwa kwa miezi michache.

Mama mmoja jirani alisimama kwenye ua siku moja akautazama kwa muda mrefu.

"Mwanangu, hiyo si bangi?"

"Hapana, mama. Ni hopi."

"Inafanana."

Hakukosea sana. Hopi na bangi ni za familia moja ya mimea, na zote mbili zina miti dume na miti jike mbalimbali. Lakini hopi haina kile kinacholevya kwenye bangi. Nilimchumia jani nikamwonyesha: pana, lenye ncha tatu au tano kama jani la mzabibu, la kukwaruza kama msasa. Akalisugua shavuni, akalirudisha. Tangu hapo huniuliza umefika wapi.

Hilo la dume na jike lina maana kubwa kwa anayeanza. Koni zenye lupulini ya kutosha hutoka kwenye mimea jike. Ukipanda mbegu hujui utapata nini, na ukiwa na dume karibu koni hujaa mbegu. Ndiyo maana watu hupanda vipande vya shina: kila kipande ni nakala kamili ya mama yake. Cascade yangu ni mmea uleule uliotolewa kwa wakulima wa Marekani mwaka 1972, umekatwa na kukatwa na kukatwa hadi ukafika kwenye gazeti lile lililoloa. Na Fuggle, aina kongwe ya Uingereza, imo kwenye nasaba ya Cascade. Kwa hiyo kwenye ndoo nilikuwa nimezamisha mzee wa ukoo, na kwenye tuta nilikuwa namlea mzao wake.

Nimeulizwa na wasomaji wawili walio karibu na Ikweta kama wanaweza kupanda. Nitasema kweli: mhopi ni mgumu kwao. Mashamba makubwa yako kati ya nyuzi 35 na 55 za latitudo, kaskazini na kusini: Hallertau, Žatec huko Cheki, Kent huko Uingereza, bonde la Yakima huko Marekani, Tasmania huko Australia. Sababu ni urefu wa mchana. Mmea unahitaji siku ndefu ili urefuke, na siku zinapoanza kupungua ndipo hutoa maua. Mchana ukiwa saa 12 mwaka mzima, unaweza kuanza kuchanua ukiwa bado mfupi, na mavuno yakawa haba. Pia unataka kipindi cha baridi ulale. Afrika Kusini, karibu na George, wakulima walilazimika kuwasha taa shambani kuongeza mchana, na baadaye zikazalishwa aina zinazostahimili siku fupi zaidi. Ukiamua kujaribu, tafuta aina za namna hiyo na nyanda za juu zenye baridi, na ukubali kwamba huenda ukapata majani mazuri tu.

Mmea ulipopita urefu wangu, nilianza kukata majani ya chini, yote hadi usawa wa kiuno. Sikupenda kufanya hivyo, maana majani yale yalikuwa makubwa na mabichi. Lakini hewa isipopita chini, unyevu hubaki na ugonjwa wa ukungu uitwao ubwiri vinyoya huanzia hapo, matone ya mvua yakirusha vimelea kutoka kwenye udongo hadi kwenye jani. Mwaka ule sikuuona ugonjwa huo. Nilichoona ni utitiri.

Ilikuwa katikati ya kiangazi, wiki mbili bila mvua, vumbi. Majani ya katikati yalianza kupauka, madoadoa madogo ya manjano kana kwamba mtu ameyachoma kwa ncha ya sindano. Niligeuza jani. Chini yake mlikuwa na utando mwembamba, na ndani ya utando nukta ndogo sana zinazotembea. Nikalikung'utia jani juu ya karatasi nyeupe, nukta zikaendelea kutembea juu ya karatasi. Kwa siku sita, kila asubuhi na mapema, nilipiga maji kwa mpira upande wa chini wa majani, kwa nguvu, kutoka chini kwenda juu, nikiwa nimelowa kuanzia kichwani. Utitiri hupenda ukavu na joto. Yale majani yaliyoharibika sana niliyachuma na kuyatia kwenye mfuko, sikuyatupa kwenye mboji. Sikupiga dawa. Kulikuwa tayari na wale wadudu wekundu wenye madoa meusi mgongoni wakila vidukari kwenye ncha, na sikutaka kuwaua wanaonisaidia. Doa la manjano lilibaki kwenye majani yaliyoshambuliwa, lakini mapya yalitoka safi.

Siku zilipoanza kufupika, kwenye makwapa ya majani ya juu vikatokea vivimbe vidogo vyenye nyuzi nyeupe, kama brashi za kichezeo. Hayo ndiyo maua. Kila kimoja, wiki baada ya wiki, kikajifunga vigamba na kuwa koni ya kijani. Nikahesabu kutoka chini: makundi kumi na moja tu, yote mita ya mwisho ya kamba. Nilikuwa nimeona picha za mashamba ambamo mmea mmoja ni ukuta wa koni kuanzia juu hadi chini. Nikampigia simu shemeji, nadhani sauti yangu ilionyesha.

"Koni ngapi?" akauliza.

"Labda mia mbili."

"Shem, mwaka wa kwanza wengine hawapati hata moja. Saa hizi unajenga chini. Subiri mwaka wa tatu."

Kujua wakati wa kuchuma kulinitia wasiwasi kuliko kitu kingine. Ukichuma mapema, lupulini haijajaa. Ukichelewa, harufu hugeuka kuwa ya vitunguu na vitunguu saumu. Nilichuma koni moja kila siku kwa siku tisa, nikaiminya karibu na sikio. Za mwanzo zilikuwa laini na zenye unyevu, ukiziachia zinabaki zimeminyika. Siku ya nane ile niliyoiminya ilichakarika kama karatasi na kurudi umbo lake, ncha za vigamba zikiwa zimeanza rangi ya kahawia. Nikaipasua. Unga ulikuwa wa manjano kama kiini cha yai, si manjano hafifu tena. Harufu ilikuwa ileile ya jikoni kwa shemeji, lakini yenye maji, hai zaidi.

Tulishusha kamba kwa kapi, yeye akishika chini, tukakaa kwenye vigoda tukachuma. Vidole vikawa vyeusi na vya kunata. Mbwa tulimfungia ndani, na hili nalisema kwa uzito: hopi ni sumu kwa mbwa, mbichi au zilizotumika kupikia bia. Joto la mwili wake hupanda kupita kiasi na anaweza kufa. Kila koni iliyoanguka tuliiokota.

Mizani ya jikoni ilisema gramu 210. Nilizitandaza juu ya fremu ya wavu wa dirisha, kwenye chumba chenye giza, feni ikipuliza kwa chini. Sikutumia tanuri, maana joto kali hufukuza mafuta ya harufu. Siku ya tatu kijiti cha katikati ya koni kilivunjika kwa mlio badala ya kupinda, na hapo zikawa tayari. Mizani: gramu 46. Karibu sehemu nne kwa tano zilikuwa maji. Tukazitia kwenye mfuko, tukaminya hewa yote, tukaufunga na kuuweka kwenye friza. Shemeji alizitumia mwisho wa kuchemsha, kwa harufu tu, kwa sababu bila maabara huwezi kujua hopi ya nyumbani ina asidi kiasi gani na hivyo huwezi kukadiria uchungu. Nilikwenda siku ile nikainamia sufuria. Kwangu hayo yalikuwa mavuno.

Mashina niliyaacha yasimame. Majani yakiwa bado mabichi yanaendelea kupeleka chakula kwenye mizizi, na kuyakata mara tu baada ya kuchuma ni kuunyima mmea akiba. Umande ulioganda ulipoyageuza kahawia, niliyakata nikaacha kiasi cha shibiri moja, nikafunika tuta kwa majani makavu. Ile Fuggle ya ndoo ilikuwa imefika mita moja na nusu, bila koni hata moja. Niliihamishia ardhini, mita mbili kutoka kwa Cascade.

Wiki iliyopita niliondoa matandazo. Kwenye Cascade, mahali palipokuwa na vichipukizi vitatu mwaka jana, nilihesabu kumi na tisa. Vinene, vya zambarau, ncha zimejikunja kama ngumi. Fuggle ilikuwa na vinne.

Vile vya kwanza kabisa, vinene kuliko vyote, shemeji aliniambia nivikate. Vina uwazi katikati, hukimbia haraka na kuvunjika kwa upepo, na si hivyo vinavyozaa vizuri. Vinavyofuata, vyembamba kidogo, ndivyo vya kubaki navyo. Nilisimama na mkasi kwa muda. Halafu nikakata kumi na tano, nikaacha vinne, viwili kwa kila kamba. Vilivyokatwa nilivikaanga na chumvi. Vina ladha ya maharage mabichi na uchungu kwa mbali.

Leo asubuhi kimoja kimefika usawa wa goti. Nimekizungusha kulia.